Viganja Vinavyotota Igowole: Anza na Kipi, Lipa Kiasi Gani

Igowole, wilayani Mufindi, ikifika Juni na Julai, ukungu unashuka mpaka mlangoni na watu wanavaa koti juu ya koti. Mgeni aliyefika jana kutoka Dar es Salaam atadhani huku hakuna anayesumbuliwa na jasho. Wapo, na baridi haiwapunguzii kitu. Jasho la mgongoni na usoni hufuata joto. La viganja na nyayo hufuata zaidi hofu, haraka, hesabu ngumu na macho ya watu. Ndiyo maana fundi cherehani anaweza kuwa ndani ya sweta na bado vidole vyake vikaacha doa kwenye kitambaa cheupe cha harusi. Mchuma chai anavaa gambuti tangu alfajiri, na soksi zikishalowa jasho saa mbili asubuhi hazikauki tena mpaka jioni, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Baridi inazidisha adha: kiganja kinachotota kwenye ubaridi kinapoteza joto upesi, ngozi inapasuka na vidole vinakufa ganzi.

Watu hawa wana ugonjwa unaotambulika na wenye tiba. Tezi zao za jasho ni nzima kabisa. Neva zinazoziamuru ndizo zinazotoa amri kupita kiasi. Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana, na ukiuliza vizuri utakuta mama, baba mdogo au shangazi naye alikuwa hivyo hivyo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba watu karibu 3 kati ya kila 100 wana jasho lililopita kiasi. Hawaonekani kwa sababu wanajificha. Na kujificha huku kwetu kuna gharama yake: mahali ambapo salamu ya “kamwene” huenda pamoja na mkono, na mkubwa hupewa mkono kwa heshima, anayeuficha mfukoni huonekana hana adabu. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa nchi nzima kwa alama za vidole mwaka 2019, limeongezeka jambo jingine: kifaa cha kusoma kidole hakipatani na kidole chenye maji, na mwenye kidole hicho anasimama mbele ya foleni akijifuta tena na tena huku jasho likizidi kwa aibu.

Makala haya yanahusu tiba zisizo za kisu. Upasuaji wa kukata neva kifuani upo duniani, lakini wengi waliofanyiwa huanza kutoka jasho jingi mgongoni na tumboni, na hali hiyo mara nyingi hairudi nyuma. Kwa mtu wa Mufindi ambaye hajajaribu hata dawa ya kupaka, hiyo si safari ya kuanza nayo.

Nataka msomaji apige hesabu kwa namna moja tangu mwanzo. Bei ya chupa si bei ya tiba. Bei ya tiba ni ya mwaka mzima: dawa yenyewe, nauli ya kwenda Mafinga au Iringa na kurudi, na siku ya kazi inayopotea. Anayelipwa kwa kilo za majani ya chai anajua siku moja ya kutochuma ina thamani gani. Kwa hiyo dawa ya bei ndogo inayokupeleka mjini kila wiki mbili inaweza kukugharimu zaidi ya dawa ghali unayoinunua mara nne kwa mwaka. Kila nitakaposema “tuseme”, tarakimu inayofuata ni ya mfano tu. Weka hapo bei ya duka lako.

Kabla ya dawa, jua unatibu nini

Fedha ya kwanza iende kwenye uchunguzi, na kwa bahati nzuri hiyo ndiyo fedha ndogo kuliko zote. Jasho la viganja na nyayo lisilo na ugonjwa mwingine nyuma yake lina tabia zake: linatoka pande zote mbili sawasawa, lilianza kabla ya miaka 25, linakuja angalau mara moja kwa wiki, limedumu zaidi ya miezi sita, na usingizini linakoma. Hilo la mwisho lishike sana. Anayeamka usiku shuka limelowa, tena anakohoa au anakonda, asinunue dawa ya jasho. Aende akapimwe kifua kikuu, kipimo ambacho kwenye vituo vya serikali ni bure. Jasho lililoanza ghafla ukubwani, la mwili mzima, likiandamana na moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, linataka kuangaliwa tezi ya shingo. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu kwa miaka mingi kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, na wazee wenye rovu la zamani bado wapo. Sukari nayo, VVU na baadhi ya dawa vinaweza kuleta jasho.

Yote hayo zahanati au kituo cha afya kinaweza kuyaanzia. Kaya iliyo kwenye CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii ambao mchango wake ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita, iliweza kuonwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadili mipango hiyo, kwa hiyo uliza kwa mtendaji wa kijiji mchango wa sasa ni kiasi gani na unafika wapi. Lakini usitegemee bima ikulipie mashine au sindano za jasho. Ikulipie kumwona daktari. Hapo tayari imekusaidia.

Sasa miguu. Miguu ina hesabu yake peke yake, na hapa ndipo ninapoona watu wakipoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Mguu unaotota ndani ya gambuti unapata wageni wawili. Wa kwanza ni fangasi: ngozi nyeupe iliyolainika kati ya vidole, inawasha, inachanika. Wa pili ni bakteria wanaotoboa ngozi ya unyayo vitundu vidogovidogo na kutoa harufu kali inayobaki hata baada ya kuoga. Wote wawili wanapenda maji, na wote wawili wana dawa zao, tofauti. Fangasi hupona kwa krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, dawa za kawaida zinazopatikana mpaka kwenye maduka ya dawa muhimu, zikipakwa kila siku na kuendelezwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Vitundu vya bakteria vinataka antibayotiki ya kupaka atakayoandika daktari.

Kisichotakiwa ni ile krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali pamoja, inayouzwa kama dawa ya kila kitu cha ngozi. Inatuliza muwasho siku mbili, mtu anafurahi, kisha fangasi inasambaa chini kwa chini na ngozi inakuwa nyembamba. Jasho haiigusi kabisa. Soma ubavuni mwa boksi: ukiona betamethasone au clobetasol, irudishe. Anayenunua bomba moja kila wiki mbili kwa mwaka mzima, tuseme kwa shilingi 4,000, anamaliza zaidi ya 100,000 na miguu yake ni mibaya kuliko alipoanza.

Fedha hiyo ingenunua gambuti la pili. Nasema hivi kwa uzito wote: kwa mtu wa shamba la chai au wa msitu wa Sao Hill, jozi ya pili ya gambuti ni tiba. Jozi moja ikivaliwa leo, nyingine inakaa siku nzima imeinamishwa mahali penye hewa, ikiwa imejazwa karatasi za gazeti za kunyonya unyevu. Usiianike juu ya moto. Mpira unapasuka na harufu inabaki. Soksi ziwe za pamba au sufu, jozi mbili kwa siku, ya pili ibebwe kwenye mfuko wa nailoni na kuvaliwa saa ya kula. Mnadani soksi za mitumba zinatosha kabisa. Jioni miguu ikae wazi kwenye ndala au katambuga. Hakuna kati ya hivi kinachopunguza jasho, lakini vinapunguza madhara yake, na bila hivi hata dawa kali haitaonekana imefanya kazi.

Chumvi ya alumini, na jinsi inavyoharibiwa kwa kupakwa vibaya

Dawa ya kwanza ambayo madaktari wa ngozi karibu wote huanzia ni kloridi ya alumini, ya kupaka, ya asilimia 20. Dawa hii ikiingia kwenye tundu la jasho hutengeneza uzibe mdogo, kama kizibo, na tezi iliyo chini inapumzika. Inauzwa kwa majina kama Driclor, kwenye famasi kubwa za mijini. Kwa viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene, daktari anaweza kutaka nguvu ya asilimia 30 au zaidi kidogo, na hiyo mara nyingi hutengenezwa na mfamasia mwenyewe. Kwenye cheti mwambie daktari aandike jina kamili la dawa na asilimia yake, ili mfamasia wa Iringa au Mbeya asikupe roll-on ya kwapa kwa kufikiri ndiyo hiyo hiyo.

Kuhusu hizo roll-on: za kawaida ziko za aina mbili. Nyingine zinatia harufu nzuri tu. Nyingine zina chumvi dhaifu za alumini, na kopo lake huandikwa antiperspirant. Hizi za pili zinaweza kumsaidia mwenye jasho la wastani, na kwa kuwa ziko mpaka kwenye maduka ya Igowole na Nyololo, ni jaribio la bei ndogo la wiki mbili. Zile za harufu tupu ziache.

Wengi waliojaribu chumvi kali wanasema haifanyi kazi. Ukiwauliza waliipaka lini, watakuambia asubuhi, kabla ya kutoka. Hapo ndipo fedha inapotea. Mchana tundu la jasho linatiririka, dawa inasukumwa nje. Mbaya zaidi, ikichanganyika na maji inatengeneza asidi inayochoma ngozi. Usiku, usingizini, viganja vinakauka vyenyewe, na huo ndio muda wake. Usipake mara tu baada ya kuoga maji ya moto. Kaa, kauka, jifute, subiri tena. Ukiwa na feni ya mkono au kipande cha boksi, jipepee. Paka kidogo, acha ikauke, lala. Asubuhi osha. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, kisha punguza mpaka mara moja au mbili kwa wiki. Ngozi ikiwasha, ruka siku mbili, na mchana paka haidrokotisoni ya asilimia 1, ile steroidi nyepesi, kwa siku chache tu. Penye mkato au mpasuko usiguse mpaka pafunge.

Faida ya kupunguza dozi ndiyo inayobadili hesabu. Tuseme chupa ni shilingi 40,000. Mwezi wa kwanza unaitumia sana, lakini ukifika kwenye mara moja kwa wiki, chupa hiyo inaweza kwenda miezi mitatu. Chupa nne kwa mwaka ni 160,000. Ongeza nauli nne za Mafinga au Iringa, ambazo ukizipanga siku unayokwenda mjini kwa shughuli nyingine hazihesabiki tena kuwa za dawa. Ukiwa na ndugu anayesoma Iringa, mpe cheti na fedha, alete likizo. Kwa viganja, dawa hii si ya uhakika kama ilivyo kwa kwapa. Wapo ambao haiwafai hata wakiipaka kwa utaratibu. Ipe mwezi mmoja na nusu wa utaratibu kamili, kisha amua.

Namna ya kuamua iwe moja. Kabla ya kuanza tiba yoyote jipe namba: 1, jasho silioni na halinizuii kitu; 2, linavumilika, linanizuia mara mojamoja; 3, linavumilika kwa shida, linanizuia mara nyingi; 4, halivumiliki, linanizuia kila wakati. Ndicho kipimo madaktari wanachotumia. Iandike na tarehe. Dawa iliyokutoa 4 mpaka 2 inastahili fedha yako. Iliyokuacha 4 baada ya wiki sita haistahili, hata kama aliyekuuzia ni jirani.

Vya nyumbani: shabu na majani ya chai

Mawe ya shabu yanauzwa kwa bei ndogo, na ndani yake mna alumini, kwa hiyo anayeyasifu hajakosea njia. Ni dhaifu tu kuliko kloridi. Jiwe likilowekwa na kusuguliwa kwenye unyayo mkavu usiku linaweza kupunguza unyevu na harufu kwa mwenye hali nyepesi. Kwa aliyejipa 4 ni kupoteza wakati.

Majani ya chai yananigusa zaidi, kwa sababu watu wa Mufindi wanayachuma kutwa. Chai nyeusi ina tanini, kitu kile kile kinachokausha ulimi ukinywa chai kali. Tanini inabana ngozi, na kuloweka miguu au mikono kwenye chai iliyokolezwa sana ni ushauri wa zamani unaotolewa mpaka leo na baadhi ya madaktari wa miguu. Chemsha konzi ya majani kwenye lita moja au mbili za maji, acha ipoe iwe vuguvugu, loweka kwa dakika 20 hadi 30 kila jioni kwa wiki nzima. Ushahidi wake wa kisayansi ni mdogo, na manufaa yake ni kwenye harufu zaidi kuliko kwenye jasho lenyewe. Ngozi na kucha zitageuka rangi ya kahawia, jambo ambalo fundi wa vitambaa vyeupe asilikubali kwa mikono yake. Lakini kwa miguu, kwa bei ya pakiti moja ya majani, ni jaribio lisilo na hasara, mradi usiloweke mguu wenye vidonda.

Formalini usiiguse. Iko kwenye vitabu vya zamani kama dawa ya miguu, na wako watakaokuambia mahali pa kuipata. Inaleta mzio mbaya, na mvuke wake unaumiza macho na mapafu.

Vidonge, mashine, sindano

Chumvi ya alumini ikishindwa, watu wengi hufikiria mashine ya mkondo wa umeme, nitakayoieleza hapa chini. Mimi ningemshauri mtu wa Igowole aulize kwanza kuhusu vidonge, kwa sababu rahisi: vinaweza kubebwa mfukoni na havihitaji umeme. Kinachotumika sana ni oksibutinini, dawa ya watu wenye kibofu kinachobana ovyo. Inazuia kemikali ambayo neva huitumia kuiamuru tezi ya jasho. Madaktari wa Brazili walioipima kwa jasho la viganja, kwenye matokeo yaliyochapishwa 2012, waliona zaidi ya wagonjwa 70 kati ya 100 wakipata nafuu. Huanzwa kidogo, miligramu 2.5 kwa siku, ikapandishwa polepole, na wengi huishia kwenye 5 mara mbili. Ni dawa ya zamani, haina hakimiliki, kwa hiyo bei yake kwa kawaida haitishi. Tuseme kidonge ni shilingi 300: viwili kwa siku ni 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka.

Bei yake nyingine hailipwi kwa shilingi. Mdomo unakauka, karibu kwa kila mtu. Choo kinakuwa kigumu, macho yanaweza kuona ukungu, mkojo unaweza kugoma kwa mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba. Mwenye presha ya macho asiimeze. Wazee inaweza kuwavuruga akili na kumbukumbu, kwa hiyo kwa bibi na babu nasema hapana. Na kwa kuwa inazuia jasho la mwili mzima, anayeteremka kutoka baridi ya Mufindi kwenda kulima mpunga Mbarali, kwenye joto la bonde la Usangu, anaweza kupatwa na joto kali mwilini bila mwili kuweza kujipoza. Aipunguze au aiache msimu huo, kwa ushauri wa daktari. Kidonge hiki ni cha cheti. Kuokota dozi kwa rafiki si busara.

Kipo kidonge kingine kinachojulikana sana na cha bei ndogo, propranolol. Hicho kinatuliza moyo na mtetemo, na kinaweza kumfaa mtu ambaye jasho lake linakuja kwa tukio, kama usaili wa kazi au kusimama mbele ya kanisa. Si cha kila siku, na mwenye pumu asikiguse.

Mashine ndiyo tiba inayonipa matumaini makubwa kwa viganja na nyayo, na ndiyo inayohitaji akili ya mnunuzi. Unaweka mikono, au miguu, kwenye trei mbili za maji ya kawaida. Mkondo mdogo wa umeme, kwa kawaida miliampia 15 hadi 20, unapita majini kwa dakika 20 hadi 30. Inachoma kidogo, haiumizi. Unafanya mara tatu au nne kwa wiki mpaka jasho likauke, kwa wengi baada ya vikao 6 hadi 10, kisha unadumisha kwa kikao kimoja kila wiki au kwa nafasi ndefu zaidi. Madaktari wanaifahamu tangu miaka ya 1930, na mwaka 1968 daktari wa Marekani Fred Levit alieleza kifaa rahisi kilichofungua njia ya kuitumia nyumbani. Watu wengi wanaoifuata kwa utaratibu hupona kwa muda wote wanaoendelea nayo. Mjamzito, mwenye kifaa cha moyo na mwenye chuma mwilini katika njia ya umeme wasiitumie. Pete na saa zivuliwe, na mikato ipakwe mafuta mazito ya mgando. Maji ya mvua ni laini mno na hayapitishi umeme vizuri. Nusu kijiko cha magadi ya kuokea huyarekebisha.

Ng’ambo mashine hizi huuzwa kwa dola mia kadhaa. Tuseme ni dola 300, na dola ni shilingi 2,500: hiyo ni 750,000, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kiasi hicho kinamfanya mtu afunge ukurasa. Usifunge. Ikidumu miaka mitano ni 150,000 kwa mwaka, chini ya chupa nne za mfano wetu na chini ya vidonge, na haikukaushi mdomo. Tena jasho hili hutembea katika ukoo. Nyumba yenye watoto wawili wanaosumbuliwa, au binamu walio jirani, wananunua mashine moja, kila mmoja na maji yake. Fedha inaweza kutoka kwenye kikoba na kurudishwa kwa awamu. Kabla ya kuagiza, uliza idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya mkoa kama wana mashine ya mkondo mnyoofu wanayoweza kukujaribia. Vikao vya kila wiki Iringa havilipi kwa mtu wa Igowole, lakini ukijua kwamba ngozi yako inaitikia, laki saba na nusu unazitoa bila kubahatisha. Chagua inayotumia betri au yenye chaja yake iliyotenganishwa na umeme wa ukutani. Umeme hukatika, na usalama ndio kwanza.

Kwa hili nitasema kwa nguvu. Mitandaoni ziko video za kutengeneza mashine hii kwa waya, trei za alumini na umeme wa nyumbani. Mikono miwili majini, umeme wa TANESCO wa volti 230 ukipotea njia hata mara moja, unapita moja kwa moja kifuani. Mtoto wa fundi redio, hata awe hodari vipi, asiruhusiwe kumjaribia mtu.

Sindano za Botox sizikalii sana. Zinafanya kazi, na Marekani ziliidhinishwa kwa jasho la kwapa mwaka 2004. Kwenye kiganja ni sindano nyingi ndogondogo zenye maumivu, mshiko wa vidole unaweza kulegea kwa wiki kadhaa, na baada ya miezi minne hadi sita unarudia. Kwenye kliniki za nje gharama hufikia dola 1,000 na zaidi kwa mara moja. Mara mbili kwa mwaka, kwa kiwango kile kile cha dola, ni milioni tano. Fundi au mchuma chai aliyelegea mshiko hata wiki mbili amelipa zaidi. Japani tangu 2023 wana losheni ya oksibutinini ya kupaka viganjani, na ikifika huku siku moja kwa bei ya haki, mpangilio wote huu itabidi uandikwe upya.

Nani achague nini

Kama mambo yamekwama Mafinga, omba kumwona mtu aliyesomea ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1992, kimefundisha maofisa tabibu wengi wa magonjwa ya ngozi waliotawanyika nchini, na si lazima ufike Moshi kumpata mmoja. Uliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa kliniki ya ngozi ni siku gani, upige simu kabla ya kupanda gari.

Kwa mchuma chai mwenye shida ya miguu tu, ningeweka fedha yote ya mwaka wa kwanza kwenye gambuti la pili, soksi na dawa ya fangasi, kisha chumvi ya alumini kwenye unyayo usiku. Mashine kwake ni ya baadaye. Kwa fundi cherehani, fundi simu, au mama anayepima unga na kuhesabu noti zinazolowa, viganja ndivyo mtaji: ajaribu chumvi wiki sita, na akibaki kwenye 3 au 4 aanze kuweka akiba ya mashine bila kupitia vitu kumi vya katikati. Mama anayenyonyesha au mwenye mimba abaki kwenye usafi wa viatu na ushauri wa kliniki yake ya uzazi kabla ya dawa yoyote ya kumeza.

Mwanafunzi ana kalenda yake. Mtihani wa kidato cha nne uko Novemba, na wazazi wengi hukumbuka jasho la mtoto Oktoba, anapoanza kusema karatasi zinachanika. Muda huo hautoshi. Chumvi ianze likizo ya Juni, akiwa nyumbani, mtu mzima akimwangalia ngozi kwa wiki mbili za mwanzo. Agosti ajulikane kama anaitikia. Ikiwa haitikii, ibaki miezi miwili ya kumwona daktari kuhusu kidonge na kujua mapema kama kinamkausha mdomo au kumtia usingizi darasani. Na mwalimu wa darasa aambiwe, ili mtoto aruhusiwe kuingia na leso mbili na karatasi ya kuwekea mkono.